Mara ya Nane

Kila alasiri, akitoka chuo cha Kurani, Khairiya alipita kwenye mikahawa ya Makadara kukusanya mifupa, kisha akampelekea Mama Zilpah. Mama huyu, mke wa karani wa reli kutoka bara, alikuwa ameujaza ua wake mbwa walioachwa na askari vita vilipokwisha. Majirani walimtania kwamba ana wapangaji tele na hakuna hata mmoja alipaye kodi. Bibi yake Khairiya alimruhusu kwa sharti moja: asiwaguse, na akilambwa aoshe mara saba, mojawapo kwa udongo.

Jumatatu moja Khairiya alikuwa uani kwao, mtaa wa Kuze, akisugua mkono. Rafiki yake Razia alisimama mlangoni akihesabu.

"Tano, sita. Wee, leo umelambwa au umeposwa?"

"Nimelambwa," Khairiya alisema, akiugeuza mkono ili damu isionekane ndani ya udongo.

Hakulambwa, aling'atwa. Mbwa mgeni, mwekundu, aliyefungwa peke yake langoni kwa Mama Zilpah, alimrukia bila kuchokozwa. Khairiya alinyamaza kwa sababu mtaani ilisemwa kwamba mbwa akimuuma mtu, hupigwa risasi yeye na wenzake wote. Akajifariji: si ameosha mara saba? Basi, yamekwisha.

Kesho yake alimkuta Mama Zilpah ameinama karibu na yule mwekundu, analegeza fundo la kamba. Alieleza kwamba tangu asubuhi mbwa hajagusa maji, amejikunyata tu. Huenda ni upweke, afadhali achanganyike na wenzake. Na wenzake hao walikuwa nyuma yake, wanatikisa mikia, wanangojea mifupa.

Mbwa mwekundu aliinua kichwa. Udenda ulimning'inia mdomoni kama uzi. Khairiya alitazama vidole vya Mama Zilpah, akatazama ile mikia. Akisema, watauawa wote. Asiposema, fundo lilikuwa karibu kufunguka.

"Mama Zilpah, usimfungue. Jana aliniuma."

Vidole vikasimama. Mama Zilpah alilikaza fundo taratibu, macho hayamtoki mbwa, akarudi nyuma hatua kwa hatua. Hakumkaripia mtoto. Alimwosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, akamwita bibi yake, wakaenda hospitali mbiombio.

Daktari aliuondoa udongo uliosalia kidondani, akasema wamewahi. Zikafuata sindano za tumboni, siku baada ya siku, na Khairiya alililia kila moja. Mbwa mwekundu alikufa kwa kichaa cha mbwa. Daktari wa mifugo aliwachunguza wale wengine kwa majuma mengi, na kwa kuwa hawakuwahi kuchanganyika naye, hakuna aliyeambukizwa. Wala hakuna aliyepigwa risasi.

Sindano zilipokwisha, nyumba ilijaa watu wa kumpa pole, Mama Zilpah akiwa katikati na kikombe cha kahawa. Razia alikiri kwamba alihesabu mpaka saba lakini hakuuliza zaidi. Bibi akamvuta mjukuu wake karibu.

"Mara saba ni tohara, usafi wa sala, mwanangu, na ni ya ulimi wa mbwa," alisema. "Jino lake ni jambo jingine. Hilo lina sabuni, lina daktari, tena lina mara ya nane."

"Ya nane ni ipi, Bibi?"

"Kusema kweli, upesi, kabla fundo halijafunguka."