Walioitwa Handakini

Bimdogo alinituma nikamlete mjukuu wake ndani kabla ya adhana ya magharibi. Kazi ndogo. Miaka mitatu nimemtumikia bibi huyo hapa Mudhaibi, Omani, tangu nilipotoka Tanga, na kwa kuwa magoti yake yamegoma, miguu yangu ndiyo yake.

"Mwambie khalas, asichimbe tena," alisema. "Na wewe usimwite jina kwa mbali, mwanangu. Mfuate mpaka alipo."

Nilicheka kimoyomoyo. Wazee na mambo yao.

Maftah alikuwa nyuma ya nyumba ya zamani ya udongo, anachimba mtaro wa bomba la kumwagilia mitende. Bomba gani hilo? Shimo lilikuwa limemfika kifuani. Mimi si mtu wa kuogopa ovyo, lakini shimo lile sikulipenda.

"Shufi, tazama, dada Mwamvita," alisema, akanyanyua sanduku la chuma lililoliwa na kutu. "Hii vitu ya nani?"

Nikachungulia. Ndani mlijaa vibati vyenye kamba, kila kimoja kimekwaruzwa jina. Kimoja kiliandikwa Maftah. Akakivaa shingoni, huku anacheka.

Pakanuka baruti... Baruti, na chini yake nyama iliyooza.

Kisha sauti ya kiume ikaita kutoka mwisho wa mtaro, ambako hapakuwa na mtu.

"Maftah..."

Watoto wa nyumba ile wamelelewa. Ukiitwa na mkubwa huulizi ni nani, unaitika kwanza.

"Labeka!" akajibu.

Ta! Ta-ta-ta!

Alirushwa juu kama aliyepigwa kitako cha bunduki mgongoni. Akajitwika lile sanduku kichwani, macho yamemtoka, akakimbia kuelekea mitendeni. Hakufika. Bega lake lilipasuka mbele ya macho yangu, damu ikaniruka usoni. Bunduki sikuiona. Mpigaji sikumwona. Sanduku likaanguka, na kitu kikamkamata miguu na kumburuta tena shimoni.

Nikaruka ndani nyuma yake. Mle ndani tulikuwa wengi. Sikuona hata mmoja, ila niliwahisi, mabega yamebanana, wanahema, wanatetemeka kwa hofu.

"Maftah..."

"Labe..."

Nilimziba mdomo kwa mtandio wangu, nikamkalia kifuani. Alining'ata vidole. Kitu chenye ncha kikanichana mkono mpaka mfupani.

"Usiitike!" nilimnong'oneza. "Nakuomba, kaka, usiitike..."

Nikavuta kile kibati shingoni mwake. Kamba haikukatika. Mara ya tatu sauti ilikuja na hasira.

"MAFTAH!"

Taya zake zilinishinda nguvu. Nilijua akiitika tena, nimempoteza.

"Labeka, babu. Subiri, naja mimi."

Bimdogo alikuwa amesimama juu yetu, bila mkongojo.

"Mshikilie," aliniambia kwa kunong'ona, haraka haraka. "Babu yangu alikuwa msimamizi wa wapagazi, vita vya Mwingereza na Mjerumani, kule Mahiwa, nyuma ya Lindi. Aliwaita handakini mmoja mmoja. Aliyeitika alipanda na mzigo wa risasi, akauawa. Asiyepanda, babu alimchoma singe mwenyewe. Kisha ukoo wetu akaupa majina yao, yale ya vibatini, ati ndiyo toba. Baba alilileta sanduku kutoka Unguja, akalizika hapa ili babu anyamaze."

"Bibi, usiende!"

Aliinama, akaliokota sanduku na kujitwika. Magoti yale yale. Akaenda mbele hatua kumi hivi, bila kukimbia. Risasi zikampata tumboni, kifuani, shingoni. Aliendelea kutembea. Alipoufikia mtende wa kwanza, akaanguka.

Kimya.

Adhana ikaanza, na Maftah akalia chini yangu kama mtoto mchanga.

Polisi walisema zilikuwa risasi za zamani sandukuni, zimelipuka kwa joto. Huenda. Mimi nilichungulia mle ndani na niliona vibati tu, lakini nani amsikilize mtumishi wa nyumbani? Maftah alipona, ingawa mkono haunyanyuki tena. Mtaro ukajazwa saruji.

Jana magharibi nilikuwa naanua nguo.

"Mwamvita..."

Ilitoka chini ya saruji. Haikuwa sauti ya mwanamume. Ilikuwa ya Bimdogo, na alikuwa analia huku akiniita, kama mtu anayelazimishwa.

Nilimpenda bibi yule. Miaka mitatu nimemwitikia bila kufikiri, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nilijiuma ulimi mpaka damu ikanijaa kinywani.

Tiketi ya kurudi Tanga bado sijaipata, na jua linazama.