Moto wa Miiba na Mkono wa Nardin

Desemba ikiingia, shule yetu ya msingi husahau hesabu. Darasa la tatu wanakata nyota za karatasi. Darasa la nne wanagombana nani awe mchungaji na nani awe kondoo kwenye igizo, na kondoo hakuna anayemtaka. Jikoni akina mama na akina bibi wanakanda unga wa kulecha, vile vibiskuti vyetu vya tende. Harufu ya iliki inapita madirishani mpaka Mwalimu Yunan, mwalimu mkuu wetu, anaacha kazi na kwenda "kukagua jiko". Hurudi na makombo kwenye sharubu. Mimi nafundisha darasa la tano, na nakiri kwamba hata mimi jiko hulikagua.

Lakini siku yenyewe ni siku ya moto wa miiba. Sisi Wakristo wa tambarare ya Ninawi, kaskazini mwa Iraki, tumeurithi kwa babu zetu. Mkesha wa Krismasi, kila nyumba huwasha rundo la miiba mikavu uani. Mtoto mmoja anasoma habari ya kuzaliwa kwa Yesu, wenzake wanashika mishumaa. Miiba ikishakuwa majivu, watu wanaruka juu yake mara tatu, kila mtu na ombi lake moyoni. Shule nayo huwasha moto wake mapema Desemba, ili hata watoto ambao nyumba zao bado hazijajengwa upya tangu vita wasikose.

Na kuna neno ambalo wazee hawaachi kulisema. Miiba ikiteketea yote, mwaka utakuwa mwema. Ikibaki, basi tena.

Mwaka ninaousimulia, aliyechaguliwa kusoma alikuwa Nardin, msichana wa darasa langu. Baba yake, Behnam, ni seremala. Tuliporudi kutoka ukimbizini, nusu ya milango ya mji huu aliitengeneza yeye. Mama yake Nardin alikuwa amekwenda mji wa Erbil kwa dada yake aliyejifungua. Kwa hiyo nyumba ilikuwa chini ya Bibi Shmuni, mama yake Behnam, na serikali ya Bibi Shmuni haina upinzani.

Asubuhi ya moto wa shule bibi alimvika mjukuu wake kanzu ya darizi, ile ya zamani yenye mikono mipana. Akamtia na bangili ya fedha.

"Bibi, mikono ya kanzu hii mipana mno. Nitaonekana popo."

"Popo wa Krismasi. Simama wima! Mimi niliivaa nikiwa na umri wako, na nilipendeza kuliko wewe."

"Nani alikwambia?"

"Babu yako. Na babu yako hakuwa mwongo, labda kwenye bei ya kondoo tu."

Behnam alicheka, lakini hakucheka sana. Kaka zake wawili wako Australia. Kila wiki wanampigia simu kumuuliza anangoja nini huku. Naye alikuwa amechoka kujiuliza swali hilohilo.

"Mama," alisema, "leo nitauangalia vizuri ule moto. Miiba ikiisha yote, tunakaa. Isipoisha, nawapigia simu kaka zangu, tunahama."

"Shauri kubwa namna hiyo unawaachia miiba?" bibi akauliza. Lakini hakumkataza, maana hata yeye aliiamini.

Sasa, usiku uliotangulia mvua ilinyesha. Miiba ilikuwa imerundikwa nje, ukutani, na hakuna aliyekumbuka kuifunika. Mwalimu Yunan alipoiwasha, tulipata moshi wa kutosha mji mzima. Watoto walikohoa na kucheka. Nardin alisimama karibu na moto, mshumaa mkononi, akaanza kusoma. Juu ya rundo ndimi chache zilicheza, kisha zikaanza kufa. Chini miiba ilitoa sauti ya maji tu.

Wazee wakaanza kutazamana. Mmoja akanong'ona, "Mwaka wa machozi huu."

Behnam alilisikia. Alikwenda ofisi ya walimu, akarudi na kopo la mafuta ya taa tunayotumia kwenye jiko la kuotea moto.

"Baba Nardin, ngoja," Mwalimu Yunan alimwambia. "Itashika yenyewe."

"Kidogo tu, mwalimu. Ipate nguvu."

Akamimina. Moto uliruka juu kwa mkupuo, ukaja upande wa watoto. Mkono mpana wa kanzu ya Nardin ukashika moto.

Alipiga kelele moja ambayo bado naisikia. Behnam alitupa kopo, akavua koti, akamfunika mwanawe na kumkumbatia mpaka moto ukazimika. Haya yote yalitokea upesi kuliko ninavyoyasimulia. Mkono wa kulia wa Nardin, kuanzia vidole hadi karibu na kiwiko, ulikuwa mwekundu na unang'aa.

Hapo kila mtu akawa daktari.

"Dawa ya meno! Nani ana dawa ya meno?"

"Unga wa kahawa, unga wa kahawa!"

"Mayai, leteni ute wa yai!"

Bibi Shmuni hakungoja shauri la mtu. Alikimbilia jikoni, akatoka na kopo la nyanya nzito, akaanza kumpaka mjukuu wake kuanzia vidoleni. Nardin alilia zaidi.

Ndipo akaja Basima. Basima ni nesi wa zahanati ya mji wetu. Alikuja kumtazama mwanawe aliyeshindwa kukwepa ukondoo. Alikuja mbio, masikio ya kondoo yangali mkononi.

"Bibi Shmuni, acha kupaka! Mleteni bombani. Haraka!"

Alimweka Nardin kwenye bomba la uani, akafungua maji, akaiondoa nyanya polepole kwa maji yenyewe, bila kusugua. Kisha akaitoa ile bangili.

"Bangili ya nini tena?" bibi alifoka. "Nani ataiiba hapa?"

"Mkono utavimba, bibi. Ukishavimba haitoki, itambana."

"Na maji ya baridi Desemba hii? Utamwua mtoto!"

"Ni mkono tu tunaoupoza. Mwili tunaufunika. Nani ana koti?"

Makoti yalitolewa mpaka Nardin akaonekana kichwa tu. Mama mmoja akasema alete barafu.

"Barafu hapana," Basima alisema. "Barafu nayo inaumiza ngozi. Maji ya bomba yanatosha, yatiririke hivi kwa dakika ishirini."

"Ishirini!" Behnam alisema. Alikuwa amepiga magoti matopeni. "Moto si umezimika?"

"Umezimika kwenye nguo. Kwenye ngozi bado unapika. Ukiepua sufuria ya wali, si wali unaendelea kuiva? Na ukiufunika ndiyo unaiva zaidi. Hiyo nyanya ndiyo kifuniko."

Bibi alilificha kopo la nyanya mgongoni.

Dakika ishirini ni nyingi kwa mtoto anayeumwa. Nardin alilia, akajaribu kuutoa mkono, Basima akamshika taratibu. Kisha mtoto akasema, kwa sauti ya kukatika, "Baba, sikumaliza kusoma."

Basima akamtazama. "Basi maliza hapahapa. Wewe soma, mimi nashika mkono."

Nilimshikia kitabu. Alisoma huku akishusha pumzi za kilio. Pale sauti ilipomwishia, wenzake waliipokea, kwa sababu habari ile kwa lugha yetu ya Kisiria kila mtoto anaijua kwa moyo. Wale waliokuwa na mishumaa walisogea bombani. Miiba tuliiacha ijifie peke yake. Habari ilipofika mwisho na muda ukawa bado, walianza upya. Nami nasema wazi, sijawahi kuisikia ikisomwa vizuri namna ile, na sijawahi kushukuru kwa bomba la maji kama siku ile.

Muda ulipotimia, Basima alimfunika mkono kwa kitambaa safi, bila kukaza, wakaenda zahanati. Kulikuwa na malengelenge.

"Tuyatoboe, yapungue maumivu?" Behnam aliuliza.

"Usithubutu. Lengelenge ni bendeji ya Mungu. Ukilitoboa, unafungulia vijidudu mlango."

Daktari aliuchunguza mkono kwa muda mrefu. "Hamkuchelewa na maji," alisema. "Moto haukuingia ndani sana. Ngozi itapona. Ninachohofia ni vidole. Ngozi ikipona imekakamaa, havitakunjika tena vizuri. Kila siku avikunje na kuvinyoosha, hata kama analia. Na nyinyi msimwonee huruma ya kijinga."

Behnam alitoka nje, akaegemea ukuta. Mimi na Basima tulimfuata.

"Nimemchoma mwanangu," alisema. "Nimemchoma kwa sababu ya miiba."

Basima hakumgombeza. Alimwambia tu ukweli kama ulivyo. "Mafuta yakimwagwa kwenye moto, mwali unafuata mkondo wa mafuta na kuruka ovyo. Hakuna 'kidogo tu' kwa mafuta ya taa, Baba Nardin. Lakini wewe ndiye uliyemfunika kwa koti. Hukumwacha akimbie. Angekimbia, upepo ungeuchochea moto, na leo tungekuwa tunasema mengine. Hilo nalo likumbuke."

Siku zilizofuata, Basima alipita nyumbani kwao kubadilisha bendeji. Bibi Shmuni alimpokea kwa chai na kwa ubishi.

"Wanangu saba wote niliwapaka nyanya, na wote walipona."

"Walipona, bibi, tumshukuru Mungu. Ila hawakuponywa na nyanya."

"Na dawa ya meno je?"

"Hiyo ni ya meno."

"Mafuta? Asali? Siagi?"

"Bibi, vyote hivyo vina mahali pake mezani. Nikialikwa nitakuja."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Wiki haikuisha, alikuwa anasimamisha watu sokoni. "Ukiungua, maji ya bomba, dakika ishirini! Bangili toa! Malengelenge usiguse!" Ungedhani maneno hayo aliyavumbua yeye. Hakuna aliyemsahihisha, maana watu walimsikiliza yeye kuliko wangemsikiliza daktari.

Lakini vidole havikuwa vyepesi. Kila jioni Nardin alikaa na baba yake, akijaribu kukunja ngumi. Kidole cha shahada na gumba vilikuwa vigumu kuliko vyote. Behnam alihesabu, Nardin alilia, kisha wote wawili walilia, kisha walianza tena. Kalamu ilimponyoka kila alipoishika. Darasani aliandika kwa mkono wa kushoto, maandishi kama njia ya kuku, na hakuniruhusu nimsaidie.

Mwalimu Yunan aliitisha kikao cha wazazi. "Mwaka huu moto mwingine hakuna," alisema. "Na mwaka ujao hakuna. Nimeogopa, ndugu zangu, sifichi."

Watu waliinamisha vichwa. Kisha Behnam akasimama. Nilidhani ataunga mkono.

"Mwalimu, tulikimbia mji huu tukaacha kila kitu, tukarudi tukawasha moto huu kabla hata ya kuwa na milango. Usiuzime kwa sababu ya kosa langu. Tufundishwe kuuwasha."

Basima akafundisha. Kila mzazi aliondoka na kazi. Behnam alijenga kibanda cha kuhifadhia miiba, isilowe. Tulichora duara la chokaa uani, na mtoto haruhusiwi kulivuka moto ukiwaka. Ndoo za maji na blanketi zito vilikaa karibu. Nywele zilifungwa, mikono ya kanzu ilifungwa kwa utepe. Watoto walifundishwa kwamba nguo ikishika moto hukimbii, unalala chini na kugaagaa. Walilipenda somo hilo kupita kiasi, wakagaagaa wiki nzima. Na kuruka sasa ni mpaka majivu yamwagiwe maji na mtu mzima aweke kiganja juu yake. Mafuta ya taa yalifungiwa kabatini.

Mkesha wa Krismasi mwaka uleule, kabla ya kwenda kanisani, shule nzima ilikusanyika tena uani kuwasha moto mpya. Mama yake Nardin alikuwa amerudi. Nardin alisimama nje ya duara, kitabu kimeegemea mkono wa kushoto, mkono wa kulia ndani ya bendeji nyepesi iliyoacha vidole wazi. Moto ulishika vizuri. Kisha yakaanza manyunyu. Juu miiba iliungua, lakini katikati ndimi zikaanza kufa.

Macho yote yalimgeukia Behnam.

Behnam aliweka mikono kwapani. "Msinitazame mimi," alisema. "Mimi miiba siiulizi tena kitu. Tunakaa. Kaka zangu nimeshawaambia."

"Inayobaki nitachemshia chai," Bibi Shmuni alisema, na watu wakaangua kicheko.

Nardin hakucheka. Alikuwa amefika mwisho wa ukurasa. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akatikisa kichwa. Akauleta mkono wa kulia polepole. Kidole cha shahada kikakunjika, gumba likakifuata, vikabana ncha ya karatasi. Karatasi ikateleza. Akabana tena. Akafunua.

Behnam alilia mbele ya watu wote, bila kujificha, mkewe amemshika bega. Basima naye alikuwa anajifuta macho. Mwalimu Yunan akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti, na nadhani angeendelea mpaka asubuhi.

Nardin aliinua uso, kachukia kidogo.

"Baba, nyamazeni," alisema. "Sijafika mahali pazuri."

Tukanyamaza, akasoma.