Mwangwi Uliotangulia

Kazi ya mwangwi ni kufuata. Mtu husema, nao ukamwiga kwa nyuma kama kasuku asiye na adabu. Mchana ule, nyumbani kwao Msambweni, Ishak alisikia mwangwi wa mkewe ukiimba "moyo" kabla Salwa hajafumbua mdomo. Akajiambia masikio yamechoka. Wanaume wana sikio moja la kusikia na jingine la kujidanganya.

Salwa alikuwa mwimbaji wa harusini na wa mahoteli ya Diani. Kwa sura alikuwa wa kawaida, tusidanganyane, lakini akiimba watu walisahau pilau sahanini. Ishak alipiga kinanda, na sauti ya mkewe aliipitisha kwenye tableti, ile simu pana kama kibao cha chapati, akiitia vikolezo: cha kuinenepesha, cha kuitetemesha, cha kuivumisha kama mtu aliye ndani ya birika la maji. Tableti yenyewe kuukuu. Vikolezo vikizidi ilishika moto, sauti ikakatikakatika, mwishowe ikachelewa, mdomo umeshafungwa ndipo neno latoka. Hotelini wageni walicheka, na meneja, kijana wa bara, akawaambia, "Maze, hiyo sauti inalag. Mnaniangusha."

Basi wakaketi kuchambua, kama mtu achambuavyo mchele. Kila kikolezo kizito Ishak akakifuta, abaki na kilicho chepesi. Katika kupekua mtandaoni akaokota mwangwi mmoja wa bure, hauna jina wala mwenyewe. Akautia. Tableti haikupata joto hata kidogo; ilikuwa baridi kama tumbo la samaki.

"Huu hauna uzito kabisa," akasema, meno nje.

Mjinga. Kisichokuwa na uzito ni upepo, na wakaao upeponi nani asiyewajua?

Ndipo mwangwi ulipotangulia kwa neno lile la kwanza. Chumba kikanuka udi, na chetezo kimo kabatini hakijaguswa tangu Idi. Salwa akaendelea kuimba, jasho limemtoka, nayo spika ikawa mbele yake kwa neno, kisha kwa mstari, kisha kwa ubeti mzima ambao hakuna binadamu aliyewahi kumfundisha. Ishak akachomoa waya, akazima tableti, kioo kikawa cheusi, na sauti bado yaimba, tamu, yajibembeleza, mpaka ilipotaka yenyewe ikanyamaza. Halafu ikaita, kwa upole wa mama mzazi:

"Salwa."

"Abee," akaitika Salwa.

Hakufikiri. Binti aliyelelewa huitika kwanza, akauliza baadaye ni nani. Hayo hufunzwa kwa makofi. Tangu abee ile, kooni mwake hakikutoka kitu tena, si wimbo, si kilio. Hata kikohozi kilikuwa kifua kutikisika tu. Ishak akaufuta mwangwi ule, akafuta na vinginevyo vyote, akaipiga tableti kwa mchi ikawa vigae. Ungedhani amepiga kivuli.

Akaletwa mganga Dzombo kutoka Mkongani, mtu wa maneno machache. Akafukiza, akamnywesha Salwa kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya aya, akamtaka aliyemo ajitaje. Spika ile iliyochomolewa waya ikajibu kwa sauti ya Salwa, na ule mkwaruzo mdogo wa mwisho wa neno ambao Ishak aliupenda kuliko wimbo.

"Mimi sikuvamia. Mume kaniingiza kwa mkono wake. Nikaita, mke akaitika. Kosa langu liko wapi?"

Dzombo akamvuta Ishak ukumbini. "Pepo mwizi namfukuza," akanong'ona. "Huyu kapewa. Na alichokitaka ashakibeba. Hapa hayupo tena."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Mzoee mkeo alivyo." Akavaa kofia yake, akaenda zake, wala chai hakungoja.

Kesho yake mchana akaingia Mwanafatuma, shangazi yake Salwa wa Munje, na kikapu cha kaimati za harusi. Salwa alikuwa jikoni anapepeta mchele. Mwanafatuma alianza kusema toka mlangoni, kama ada yake: jana Salwa ameimba, watu wamelia, bibi harusi ameharibu wanja wote. Lakini mbona hakula hata tonge? Mbona alikaa na miguu ameifunika gubigubi kwa kanga, joto lote lile?

"Na leo ukaniapia huondoki Munje, mwanangu, mpaka mumeo aje kukuchukua alasiri. Umefikaje kabla yangu?"

Salwa akamtazama tu, machozi yakimdondokea ungoni. Mwanafatuma akaiangalia miguu ile iliyo wazi, mitupu, ya mtu. Sauti yake ikashuka.

"Ishak," akasema polepole. "Usiende, baba."

Ishak alitaka kujibu kwamba haendi, ana wazimu gani. Lakini adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha, na kutoka upande wa Munje, mbali huko nyuma ya minazi, ulikuja wimbo wenye mkwaruzo ule ule mwishoni mwa kila neno, nao haukuwa wa kutisha hata kidogo, ulikuwa wa mke aliyechoka kungoja, na alipotazama chini akakuta viatu amekwisha kuvivaa, na uzi wa shati lake waachia pale Salwa aliposhika, na njia yapita chini yake kama maji, naye anajua, anajua vyema anakokwenda.

Alijua pia kuwa mkewe amesimama mlangoni, mdomo wazi, anamwita kwa nguvu zake zote. Lau angesikia hata herufi moja, angegeuka.