Udongo wa Nyayo za Léocadie

— Asani, usinizungushe. Udongo wa muguu wangu uko wapi?

Simu ilitoka mbali, kwenye hoteli walikofikia wakimbiaji wa Afrika nzima. Jioni ile Léocadie, binti wa kijiji cha Wamaza, angekimbia fainali ya wanawake ya mita elfu kumi, mizunguko ishirini na tano mbele ya bara zima. Asani alikuwa mjini Kasongo, juu ya pikipiki yake, na abiria nyuma ameshaanza kununa.

— Nani amekuambia?

Hapo alijimaliza. Asiye na kosa angeuliza, udongo gani?

— Kumbe ni kweli! Haujakana hata kidogo!

— Léo, nisikie...

— Yaya Olga, dada yangu, alikuona. Siku ya mwisho niko nakimbia barabara ya Kabambare, wewe nyuma na pikipiki. Uliinama, ukachota, ukafunga ndani ya jani. Nilimujibu kwamba yeye ni muongo. Sasa leo asubuhi muguu wa kushoto umeamka muzito, kama mutu amekalia juu yake. Uliupeleka kwa mufumu gani?

— Hakuna mufumu!

Alikuwa anaongea na hewa. Léocadie amekata.

Kwetu udongo wa nyayo hauchezewi. Pande za Kabambare kulikuwa na mwindaji aliyechotewa wa kwake. Yeye amelala kitandani, miguu ikaamka peke yake, ikaenda mpaka Salamabila kumchimbia dhahabu mfumu, yaani mganga, wa huko, ikarudi alfajiri na matope ya mgodi kwenye vidole. Wanaosema ni uongo hawakuiona hiyo miguu. Mimi niliongea na aliyeiosha.

Na hawa wawili walikuwa wamependana kwenye vumbi. Asani alitangulia na pikipiki, Léocadie akamfukuza, yeye anapiga kelele: "Kaza! Mbuzi wa Wamaza wanakushinda!" Msichana alikaza mpaka siku moja akaipita pikipiki mlimani, na mbuzi wenyewe wakampisha. Kuanzia siku hiyo Asani hakuona mwanamke mwingine.

Alimshusha abiria katikati ya njia, akakimbilia kwa mama yake. Mama Mounira alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani.

— Mama, ule udongo uko wapi?

— Chini ya mutungi wa maji, pale niliuweka. Kuna nini?

— Léo amejua.

— Amejua nini? Si yeye mwenyewe alikupa?

Asani akaangalia kuku. Mchi ukasimama hewani.

— Asani! Nilikuambia umuombe. Musafiri anachota yeye mwenyewe, anakupa kwa mukono wake, anasema, nitarudi. Ndiyo desturi. Marehemu baba yako alinipa wake kila safari.

— Niliona haya, mama.

— Haya ya nini?

— Nikimuomba, atajua kama niko naogopa. Wanariadha wakienda huko, wengine hawarudi.

— Basi ukaiba! Mutu anayeiba udongo wa mwenzake, watu wanamuita nani?

Alijua. Ni neno la kukuchomea nyumba.

— Uchukue, uurudishe pale uliuchota, kabla hajaingia uwanjani. Na umuambie ukweli. Acha ukuchome.

Asani alifunga udongo ndani ya jani jipya, akatia mfukoni, akatuma ujumbe wa sauti:

"Léo, ni kweli nilichota. Hakuna mufumu. Uko kwa mama, chini ya mutungi, muulize. Niliogopa utabaki huko, nikaiba kitu cha kuomba. Kosa ni langu, muguu wako hauna kitu. Kimbia."

Simu ikaonyesha alama moja. Ujumbe haujafika.

Hakufika hata mwisho wa avenue ya mtaa wao. Watu walikuwa wanamiminika kwa Papa Mahamudu, mwenye nyumba ya video, kuangalia mbio. Katikati yao alisimama Olga, binti wa shangazi yake Léocadie, ambaye kwake Léocadie alipanga chumba. Alikuwa amejifunga kitenge kama mtu anayengoja ugomvi.

— Muangalieni! Anapeleka udongo mwingine kwa mufumu wa Salamabila! Wa kwanza haujatosha?

Pikipiki ikazungukwa. Clovis, kijana mwenye mabega ya mlango, alichomoa ufunguo.

— Toa vya mufukoni, kaka.

Jani likafunguliwa. Udongo mwekundu. Wanawake wakarudi nyuma pamoja.

— Ni wa nani?

— Wa Léocadie. Niko naenda kuurudisha.

Kwa mama yake neno hilo lilikuwa ukweli. Pale njiani lilikuwa kumwaga mafuta jikoni.

— Mulozi! Olga akalia. Nilisema!

Clovis hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyotisha.

— Tutaangalia pamoja. Dada akimaliza na miguu yake miwili, utaenda kulala kwa mama. Muguu ukikauka...

Nyuma yake mtu mmoja alikuwa anaviringisha tairi kuukuu, polepole, bila haraka yoyote. Akaliegemeza kwenye mlango wa Papa Mahamudu, kama mgeni aliyeambiwa angoje nje.

Wakamketisha Asani kwenye benchi la mbele. Papa Mahamudu alimpokonya simu.

— Hii nitabaki nayo mimi. Wasikuvunjie, akanong'ona.

Jenereta ikanguruma, na picha ikatulia. Fulana ya bluu ilikuwa katikati ya kundi. Bunduki ikalia.

— Huyo! Huyo wa bluu! Wa kwetu!

Kila alipopita mbele ya kamera walimshangilia, kisha vichwa vyote vikageuka kuangalia mikono ya Asani. Akaikalia, wasije wakasema anaroga.

— Mbona anatikisa midomo? mama mmoja akauliza.

— Anaomba Mungu.

— Mungu gani?

Asani akafunga na midomo.

Mizunguko ikaenda. Kundi likapungua, wakabaki wanawake wachache mbele, na wa bluu yumo. Kasongo nzima ilisimama juu ya mabenchi. Papa Mahamudu alisahau tikiti, hata polisi wa doria aliingia bure na kofia yake. Ikabaki mizunguko michache, Léocadie akasogea nje kuwapita wenzake.

Akaanguka.

Kwenye skrini ilikuwa kitu cha bluu tu, chini, na miguu ya watu inakiruka. Jenereta peke yake iliendelea, na nje tairi likasikika linavutwa.

— Muguu wa kushoto! Olga akapasuka. Muguu wa kushoto, nilisema!

Mkono wa Clovis ulishika kola ya Asani, ukamnyanyua. Asani hakumwangalia.

— Ngoja kwanza, kaka. Wacha nione kama anaamka.

Clovis akangoja. Sijui kwa nini, na yeye hajui.

Akaamka. Akachechemea hatua za kwanza kama mbuzi aliyenaswa, akauma meno, akaanza kukimbia, damu inachora soksi. Aliwapita wawili waliomruka. Akamaliza wa tano. Wamaza wanasema alikuwa wa kwanza, kamera ndiyo ilichelewa, na mimi sigombani na watu wa Wamaza.

Lakini Kasongo jioni ile hakuna aliyehesabu nafasi. Walihesabu damu.

Wakamtoa Asani nje. Mtu akauliza petroli iko wapi, akajibiwa ndani ya pikipiki yake mwenyewe, na wengine wakacheka kicheko ambacho sitaki kukisikia tena. Hapo simu ikalia kwenye mfuko wa Papa Mahamudu. Akainua mkono, akafungua kipaza sauti.

— Asani?

— Ni Mahamudu, mwanangu. Uko na Kasongo nzima hapa. Muguu wako umekuwa nini?

— Mwenzangu alinikanyaga kisigino na viatu vya misumari. Wako wananishona. Asani iko wapi?

— Iko hapa. Na tairi iko hapa vilevile.

— Tairi ya nini?

— Wamemukuta na udongo wako.

— Papa, najua! Ujumbe wake niliusikia kabla makocha hawajatupokonya simu. Nikapigia Mama Mounira, akaniambia ile ile. Clovis iko hapo? Clovis, kama umemushika, toa mukono! Huyo ni ugomvi wangu, sio wenu!

— Dada, Olga anasema aliupeleka Salamabila...

— Yaya Olga iko hapo? Yaya, kila siku umeniandikia, "baki huko, usirudi, huku iko mutu anakukausha." Jana ukaandika, "ukibaki, nitakutunzia kila kitu chako." Kila kitu changu ni nini, yaya? Mimi niko na sufuria moja na Asani.

Mwanamke mmoja akacheka. Kisha wa pili. Olga alitazama nyuso, hakuona ya kushika.

— Mimi ndiye nilimuona wa kwanza! Alikuwa anapita kwetu kunisalimia mimi! Wewe ukafika na miguu yako, ukamuchukua kama unachukua maji!

Watu wakampisha njia, pana kuliko alivyohitaji. Clovis akaachia kola, akaanza kulipangusa shati lile vumbi kana kwamba ni upepo uliolikunja. Na tairi liliondoka haraka kuliko lilivyokuja.

Papa Mahamudu akampa Asani simu.

— Léo...

— Usiniite Léo. Nimekasirika mpaka sindano sikuisikia.

— Utarudi?

— Sasa ndiyo unauliza! Ungeniuliza siku ile barabarani, na mudomo wako, ningekimbia bila woga. Medali ingekuwa hapa shingoni.

— Najua.

— Haujui. Nitarudi, lakini kwa akili yangu, sio kwa udongo. Na utakuja kwa baba yangu kule Wamaza, mchana, na mama yako, watu wote wakisikia. Uniombe kwake mpaka sauti ikauke.

Aliomba. Baba mtu alijifanya hasikii vizuri, akamrudisha mwanzo kila mara, mpaka Kabambare walidhani Wamaza wana mnada. Mama Mounira alipiga vigelegele kabla ya jibu, ili jibu lisipate nafasi ya kuwa lingine. Siku ya ndoa bibi harusi alichechemea kidogo, na alicheza kuliko wote wenye miguu mizima.

Olga anauza vitenge Salamabila. Hajaolewa, na hasalimii wanaotoka Kasongo.

Asani bado anapakia abiria barabara ya Kabambare. Watu wanampenda, wanamwita kaka, wanampa watoto wao awapeleke shule. Ila wakisikia pikipiki yake inakuja, wako wanaogeuka na kufuta nyayo zao kwa kisigino. Yeye akiwaona anapunguza mwendo, anawangoja wamalize, ndipo anapita.