Farasi wa Yeremia

Farasi mweusi wa mti alikuwa wa moto. Chediel alimshika, akamwachia upesi, akamtazama mpinzani wake ng'ambo ya ubao. Mzee Abdillahi, muuza vitambaa wa Singida mjini, alikuwa ameinamisha kichwa. Hata shikamoo hakuwa ameitikia.

"Mzee, uko salama?"

"Cheza."

Sauti ile haikuwa yake.

Ilikuwa fainali ya sataranji ya mkoa, ukumbini Kiomboi, saa nane mchana. Chediel akanusa petroli. Akacheza, mzee akajibu papo hapo, hatua ya nane, ya tisa, ya kumi, ndipo Chediel akashtuka. Mchezo huu aliujua. Ulikuwa ule wa fainali ya mwaka juzi, dhidi ya Yeremia wa Misigiri, na mkono wake mwenyewe ulikuwa unaufuata bila kumuuliza.

Siku ile Yeremia aligeuka kunywa maji, Chediel akamhamisha farasi wa Yeremia mraba mmoja. Yeremia alilalamika, mwamuzi akamwita mwongo, ukumbi ukamzomea. Aliondoka na pikipiki akilia. Hakufika nyumbani; pikipiki ilipinduka njiani, ikawaka moto naye.

Mzee Abdillahi akainua uso. Macho yalikuwa meupe yote.

"Nageuka kunywa maji," akanong'ona. "Fanya kama ulivyofanya."

Chediel alitaka kumwita mwamuzi, lakini vidole vyake vikaenda vyenyewe vikamkamata yule farasi, vikaungua, vikakataa kuachia, harufu ya nyama inayoungua ikachanganyika na petroli ambayo hakuna mwingine aliyeonekana kuinusa, mpaka kilio kikampasuka kifuani:

"Nilimwibia! Yeremia hakusema uongo!"

Farasi akadondoka. Mzee Abdillahi akaanguka kifudifudi ubaoni. Alipozinduka, aliuliza kama mchezo umeshaanza.

Jioni hiyohiyo, vidole vikiwa vimefungwa bendeji, Chediel alipeleka kombe la mwaka juzi Misigiri, kwa Damari, mjane wa Yeremia. Alimkuta uani akipepeta alizeti. Akapiga magoti, akaeleza yote bila kujificha. Damari alisikiliza, akalipokea kombe, akaliweka chini kando ya ungo.

"Nisamehe, dada yangu."

"Ningekusamehe," Damari akasema taratibu. "Lakini mume wangu alipita hapa asubuhi, akielekea Kiomboi. Amenikataza."