Mtazamaji Aliyejiita Mwenyewe

Video ya mjusi mkubwa kuliko ghorofa ilikuwa na saa mbili tu mtandaoni pale Fundi Picha alipoona ujumbe mmoja usiofanana na wenzake. Maoni mengine alishayazoea. "Mungu tuepushe." "Hii ni kompyuta, msidanganyike." "Shangazi yangu alimwona kama huyu, akahama nyumba." "Sehemu ya pili iko wapi?" Lakini huu, wa mtu asiye na picha aliyejiita Mwenyewe, ulisema: "Upande wa kushoto mmenitoa vizuri. Wa kulia mmenikata mkia."

Fundi alicheka mpaka chai ikampalia. Yeye si ndiye aliyemtengeneza huyo mnyama? Mjusi wa ukutani, mji wa maboksi ya viatu juu ya meza ya kulia chakula, kamera imelazwa chini kabisa, basi. Kilichowatia watu hofu hasa ni sauti ya mdogo wake, aliyepewa jina la Kinanda tangu shuleni. Kinanda akisema "usigeuke", hata Fundi, aliyeyakata maboksi kwa mkasi wake, aligeuka.

Fundi alikuwa na kanuni moja ya kazi: kila mtazamaji ajibiwe, tena kwa utani, maana anayetaniwa hurudi. Akaandika: "Samahani Mwenyewe, mkia tutautoa siku nyingine."

Jibu likaja papo hapo. "Si neno. Sauti ya huyo binti naipenda. Niazimeni."

Vidole vya Fundi havikungoja akili. "Ya nini kuazima? Chukua moja kwa moja!"

Watazamaji mia tatu wakaweka alama za kucheka.

Kesho yake Kinanda aliamka sauti imekwaruza. Mafua, wakasema. Siku ya tatu alikuwa ananong'ona, na ya tano akifumbua mdomo hakitoki kitu. Daktari alimmulika kooni kwa tochi, akasema koo ni safi kabisa, labda binti ana mawazo.

Fundi hakuamini mawazo. Aliamini watu. Wa kwanza kumshuku alikuwa Kinanda mwenyewe, aliyelalamika juzi tu kwamba anachoka huku jina lake halionekani popote. Usiku akamvizia usingizini, asikie kama atakoroma. Hakukoroma. Ndipo akamgeukia binamu yao, aliyeacha kazi yao ya video kwa kununa. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Wewe ndiye Mwenyewe?" alimuuliza kwa simu.

"Mwenyewe nani? Dada, una homa?"

"Usijitie hujui. Umemlisha nini mdogo wangu?"

Binamu akakata simu, na hilo nalo Fundi akalihesabu kuwa ushahidi.

Alasiri ya siku ile, jua bado kali dirishani, Fundi alikuwa anakunja nguo chumbani aliposikia Kinanda anaongea. Moyo ukamruka kwa furaha. Akatupa nguo akatoka mbio, na ukumbini akakutana na harufu ya magamba yaliyolowa, nzito, na sauti ikaendelea kutoka kwenye meza ya kulia, sauti ileile ya mdogo wake, ila ilikuwa inajaribu maneno kama mtu anayejaribu viatu dukani, "a, e, dada, dada yangu, usigeuke", kisha ikajaribu kucheka, ikakosea, ikajaribu tena mpaka ikapatia, na maboksi ya viatu yakawa yanatikisika moja baada ya jingine kana kwamba kuna kitu kirefu kinajipitisha ndani yake, na Kinanda, Kinanda wa kweli, alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni ameshika koo kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka, naye anasikia.

Siku hiyohiyo wakamwita mganga, mama wa makamo mwenye miwani ya kusomea. Hakumgusa mgonjwa. Aliomba simu, akasoma, akasonya.

"Na jina hili hamkulishangaa? Hao wasioonekana huitwa wenyewe kwa sababu watu wanaogopa kuwataja."

"Nilidhani ni mtu," Fundi alinong'ona.

"Aliiba au alipewa?"

"Nilikuwa natania, mama."

"Utani una watani wake. Wewe na huyu mlitaniana tangu lini?" Akamrudishia simu. "Mwizi ningemfukuza. Aliyepewa huombwa, tena palepale alipopewa, mbele ya walioshuhudia."

Fundi akaandika: "Mwenyewe, nakuomba kwa unyenyekevu. Nilikosea. Mrudishie mdogo wangu sauti yake."

Maboksi yakatulia. Jibu likaja. "Nilipewa mbele ya watazamaji. Basi waamue watazamaji. Nirudishe?"

Fundi alitaka kumshukuru Mungu. Watu elfu arobaini wanampenda Kinanda, nani atakataa? Akaangalia maoni yanavyopanda.

"Hahaha, baki nayo!"

"Usirudishe, tunataka sehemu ya pili!"

"Hawa madada wanajua kutengeneza hofu, nimependa."

"Baki nayo."

"Baki nayo."

"Jamani si mchezo!" Fundi akaandika. "Naapa kwa Mungu, si mchezo!" Wakamcheka zaidi, wakasema anaigiza vizuri kuliko wa kwenye filamu. Mganga akavua miwani, akaanza kukusanya vitu vyake bila kumtazama mtu usoni.

Kinanda akachukua simu yake mwenyewe. Aliandika polepole, akifuta na kuandika upya, mwisho akatuma: "Mimi ndiye Kinanda. Sauti ni yangu. Naombeni mseme airudishe."

Ujumbe wake ukazama chini ya mamia ya wengine. Mtu mmoja tu ndiye aliyeuona, akamjibu kwa upole kabisa:

"Tutajuaje kama ni wewe? Hebu tusikie sauti."