Kahawa Isiyofika Kikombe cha Tatu

Mstari mweusi ulionekana saa nne asubuhi kwenye kioo kidogo cha kamera. Ulipanda polepole kutoka kidevuni mwa Mama Etagegn hadi kwenye paji la uso, ukapotea, ukaanza tena chini. Girum, mpiga picha, hakushtuka.

"Umeme unapepesa," akamwambia Mastewal, mwenye sinema. "Jicho halioni, kamera inaona. Nipe dakika mbili nibadilishe kasi ya kamera."

Akabadilisha kasi. Mstari ukabaki. Akazima taa za ukutani akawasha ya betri. Mstari ukabaki. Mastewal akasogeza uso karibu na kioo, mpaka pua ikakigusa.

"Mbona ukutani haupo?" akauliza. "Upo kwa Emaye tu." Ndivyo alivyomwita mama yake.

Girum alitazama, akajikuna shingo. "Tutaufuta mezani, kwenye kuhariri."

Watu wa kazi ile husema maneno hayo kama wengine wanavyosema inshallah, na kwa imani ndogo kuliko hiyo. Lakini Mastewal alikubali, maana hakuwa na siku za kupoteza. Daktari alishamwambia kwamba moyo wa mama yake umechoka na hautauvuka mwaka. Ndiyo sababu alitunga sinema hii ya dakika nane, mama anapika kahawa usiku akimngoja mwanawe asiyerudi. Hadithi yenyewe haikumhusu sana. Alichotaka ni mama yake abaki mahali fulani akitembea na kupumua, kwa sababu yeye mwenyewe angekufa kwa uchungu akibaki na picha ya ukutani tu.

Basi walifunika madirisha ya nyumba ya mama, mtaa wa Gulele, kwa mablanketi, asubuhi ikawa usiku. Wakatandaza majani mabichi sakafuni, wakawasha ubani, na mama akakaa kwenye kigoda chake mbele ya jiko la mkaa. Alikaanga buni, akazitwanga, akachemsha kwenye jebena, lile birika la udongo lenye shingo ndefu, akamimina kikombe cha kwanza, abol.

"Kata," akasema Mastewal. "Safi, Emaye. Tunarudia, moshi ulifunika uso."

Mama hakuweka jebena chini. "Na tona? Na bereka?"

"Kwenye sinema tunahitaji abol tu."

"Kahawa ina vikombe vitatu, binti. Cha tatu, bereka, ndicho baraka, ndicho kinachowaaga watu. Umeshawasha ubani, umeshatandika majani. Unamkaribisha nani halafu humuagi?"

"Emaye, ni maigizo."

"Mwache, mama," Girum akadakia. "Huyu siku ya harusi yake padri akikosea neno, atasema kata."

"Harusi ipi?" mama akasema. "Mwambie kwanza aniletee huyo bwana nimwone." Akacheka mwenyewe, akamwaga kahawa, akaanza upya.

Walirudia mara kumi na saba, kwa siku mbili. Mara nyingine kivuli cha maiki kiliangukia ukutani, mara nyingine taa ilipata moto ikazimika, mara nyingine buni ziliungua. Na kwa kuwa moshi wa picha moja lazima ufanane na wa nyingine, kila mara walitandaza majani mapya, wakawasha ubani mpya, mama akakaanga tangu mwanzo. Kila mara walifika abol, na kila mara Mastewal akasema kata.

Mara ya tisa, mama alimimina kikombe akakielekeza kwenye kigoda kitupu upande wake wa kushoto.

"Hapo hakuna mtu kwenye hadithi, Emaye."

"Najua," mama akajibu kwa sauti ya chini. "Si wa hadithi. Ni huyu mnayemwita."

Chumba kilinuka kahawa iliyoungua, na chini yake harufu nyingine, ya ngozi mbichi iliyosahauliwa mvuani. Girum alifungua mlango mara mbili, harufu haikutoka. Hakutania tena siku ile.

Wiki iliyofuata Mastewal alikaa mezani kuhariri, adhuhuri, jua likiwaka dirishani. Alianza na sauti. Katika picha ya tisa, mama akiwa ameshika jebena kwa mikono miwili, maiki ilinasa mtu akifyonza kahawa ya moto, taratibu, kisha akishusha pumzi ya kuridhika. Kwenye ya kumi alifyonza mara mbili. Akahamia kwenye mstari mweusi, akaukuza picha kwa picha, akijipa moyo kwamba ni kasoro ya umeme na kasoro za umeme zina dawa yake, mpaka alipofika mahali ambapo mstari ulikuwa na vifundo, vinne, na kucha, akaelewa kwamba saa zote zile alikuwa akiangalia mkono uliokuwa ukimpapasa mama yake uso kutoka kidevuni kwenda juu, kwa upole, kama mnunuzi anavyopapasa kitambaa.

Aliiacha kompyuta ikiwaka. Akachukua teksi mpaka Gulele.

Mama alikuwa kwenye kigoda, majani yametandazwa. Alikuwa anakaanga buni. Jirani yao, Bibi Bafena, mwanamke aliyewahi kuwatuliza wagonjwa wengi wa zar, wale majini wanaopenda ubani na kahawa, alikuwa amesimama mlangoni bila kuingia.

"Tangu juzi," akanong'ona. "Anakaanga, anatwanga, anamimina abol, anaosha vikombe, anaanza tena. Hali chakula. Halali usingizi. Mmefanya nini humu?"

Mastewal alimweleza, kila neno likimwia zito. Bibi Bafena alisikiliza hadi mwisho.

"Mmemwita mara kumi na saba," akasema, "na hamkumuaga hata mara moja. Sasa anadhani hapa ni kwake."

"Atatoka?"

"Mama yako aimalize kahawa. Vikombe vyote vitatu, mkono uleule. Na kila kitu kiwe kama siku ile, taa zenu, ile kamera, nyinyi mlipokuwa mmekaa. Alikaribishwa mbele ya vitu hivyo, aagwe mbele ya hivyo hivyo. Na kisikatizwe kitu, mwanangu. Akikatizwa kwenye mlango wa kutokea, hatatafuta tena mlango."

Kesho yake asubuhi walirudi. Girum aliweka kamera palepale kwenye alama za gundi sakafuni. Mablanketi yakapanda madirishani. Mastewal akakaa mbele ya kioo kidogo. Mama akakaanga, akatwanga, akamimina abol, na alipofika pale alipozoea kuacha, Bibi Bafena akamwongoza kwa sauti laini, na mama akaongeza maji, akarudisha jebena kwenye mkaa, akamimina tona. Harufu ya ngozi ilipungua. Kwenye kioo, mkono mweusi ulikuwa umeshuka kutoka usoni, ukabaki begani tu.

"Sasa bereka," akasema Bibi Bafena. "Mimina, umbariki, aende."

Mama aliongeza maji mara ya tatu, na jebena ilipochemka aliinua kwa mikono yake miwili iliyokonda, na jasho lilikuwa likimtiririka, na Mastewal, aliyekuwa hajasali tangu utotoni, alikuwa akisali kwa midomo iliyofungwa huku akiona kwenye kioo vidole vikiachia bega kimoja baada ya kingine, kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, na kahawa ikaanza kushuka kwenye kikombe kwa uzi mwembamba, na mama akafungua mdomo kutamka baraka, na hapo hapo taa kubwa ikapepesa, ikafifia, ikawaka tena, na uso wa mama ukaingia gizani kwa nusu sekunde, picha ikaharibika.

"Kata," akasema Mastewal.

Neno lilimtoka kama pumzi inavyotoka. Girum aligeuka kumtazama, na sura ile ya Girum hakuisahau. Bibi Bafena aliziba uso kwa shuka lake.

Mama aliinua jebena, uzi wa kahawa ukakatika. Akaimwaga yote kwenye majani, bila haraka. Kisha akatabasamu kwa meno yasiyo yake.

"Tena?" akauliza, kwa sauti ya mtu aliyestarehe kwenye nyumba yake.

Akachota buni, akaanza kukaanga.

Walijaribu tena siku ile, na siku tatu zilizofuata. Kila alipoongozwa kuelekea tona, aliangalia tu kama mtu asiyejua lugha. Bibi Bafena aliacha kuja. Mwaka ule ulipita, na mwingine. Daktari alipima moyo akasema hajawahi kuona wenye nguvu kama huo kwa umri ule, akampongeza Mastewal kwa kumtunza mama vizuri. Mastewal alitoka nje akalia barabarani, watu wakimpisha.

Sinema hajaimaliza. Siku alipopata ujasiri wa kufungua zile picha kumi na saba, mstari mweusi haukuwepo tena. Zote zilikuwa safi, kila mkunjo wa uso wa mama ukionekana. Na mama yule wa kwenye picha hakuwa akitazama kikombe kama siku walipopiga. Alikuwa amegeuka kumtazama yeye, jebena mkononi, akitweta kidogo kwa ule moyo wake uliochoka, akingoja aambiwe aendelee. Mastewal humwambia. "Endelea, Emaye," humwambia kila siku, mdomo ukiwa karibu na skrini. "Mimina tona. Sitakukatiza."

Mama huitikia kwa kichwa, huinua jebena, hufika pale ambapo Mastewal alisema kata, na picha inaisha. Nyuma ya Mastewal, jikoni, yule aliyeuchukua mwili wa mama anamwaga buni kwenye kikaango.